Fresnel: Mhandisi Aliyeikuta Nuru Katikati ya Kivuli



Tumezoea kuandika na kusoma maisha ya wanazuoni wetu wa zamani, na ni jambo jema. Safari hii naomba ruhusa nikuletee maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu, Mfaransa aliyefariki mwaka 1827 akiwa na umri wa miaka 39 tu. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kielimu: kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya kukusanya mwanga mahali pamoja pasipo lenzi ya kawaida wala kioo cha kurudisha mwanga, kwa kuuzuia tu pale panapostahili kuzuiwa. Ya pili ni yangu mwenyewe: nilimsoma nikiwa nimerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba safari yangu ya chuo imefika mwisho.

Jina lake ni Augustin-Jean Fresnel. Herufi s katika jina hilo haitamkwi. Wafaransa husema Frenel.

Nyumbani Nchelenge

Kwa asiyepajua, Nchelenge iko mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Upande wa pili wa ziwa ni Kongo, na huko kuna mji unaoitwa Kilwa, jina lile lile la Kilwa ya pwani ya Tanzania. Upande wetu wa ziwa kuna kisiwa nacho kinaitwa Kilwa. Mama yangu anatoka ng'ambo, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili na Kibemba vinakaa chungu kimoja. Soko letu kubwa ni Kashikishi. Riziki ya watu wengi ni samaki, hasa chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili, ambao huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani asubuhi.

Mwaka ule jina langu halikuwamo kwenye orodha ya walioruhusiwa kufanya mtihani. Nilifika nyumbani mwezi wa Juni, msimu wa baridi na upepo, nikiwa na begi moja. Mjomba, mdogo wake mama, ana mtumbwi na taa za kuvulia chisense. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu kwamba kama elimu yenyewe ni ya mwanga, basi taa anazo za kutosha, na mtu wa kuzishika usiku ndiye anayemkosa. Nikaanza kazi wiki ile ile.

Ndani ya begi mlikuwa na fotokopi za somo la mwanga. Sura ambayo nilikuwa nimeanguka vibaya kwenye jaribio ilikuwa ya difraksheni, yaani tabia ya mwanga kuchepuka na kuenea unapopita ukingoni mwa kitu au katika tundu dogo. Kwangu mimi Fresnel alikuwa jina la kanuni ya kukariri. Mchana, dagaa wakikauka, nilianza kusoma maisha yake badala ya kanuni yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba yeye naye alirudishwa nyumbani kwa mama yake.

Mtoto mzito wa kukariri

Fresnel alizaliwa tarehe 10 Mei 1788 katika mji mdogo wa Broglie, Normandy. Mwaka uliofuata yakazuka Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, na machafuko yale yalipokata kazi, familia ilihamia kijiji cha Mathieu karibu na Caen. Walikuwa ndugu wanne wa kiume, wakilelewa katika nyumba ya dini na nidhamu kali.

Hakuwa mtoto wa kupigiwa mfano darasani. Alipofika miaka minane alikuwa bado anasoma kwa taabu. Lugha zilimshinda, na kukariri kulimchosha. Lakini watoto wenzake walimwita fundi wa akili, kwa sababu alichunguza kwa majaribio ni tawi la mti gani linafaa upinde na lipi linafaa bunduki ya mchezo, mpaka silaha zake zikawa kali na wazazi wakalazimika kuzipiga marufuku. Kijana aliyeshindwa kukariri aliweza kupima, kulinganisha na kujaribu tena.

Mwaka 1804 aliingia École Polytechnique, Paris, na baadaye akasomea uhandisi wa barabara na madaraja. Serikali ikampeleka mikoani kujenga barabara. Ilikuwa kazi ya hesabu za kokoto, vibarua na udongo, na afya yake haikuwa nzuri tangu utotoni. Jioni ndipo alipopata nafasi ya kufikiri juu ya mwanga. Mwaka 1814, akiwa Nyons kusini mwa Ufaransa, aliandika nyumbani akiomba atafutiwe maandiko yanayoeleza mwanga uliopolaraizishwa ni kitu gani, maana alisikia wakubwa wa Paris wakiujadili na yeye hakujua hata maana ya neno lenyewe. Miaka mitano baadaye wakubwa hao hao walimpa tuzo.

Mwanga kabla yake

Hapa turudi kidogo kwetu. Yapo mambo mawili ambayo binadamu alijua tangu zamani juu ya kukusanya mwanga. La kwanza ni kuurudisha kwa kioo kilichopinda. La pili ni kuupitisha katika kitu cha wazi chenye tumbo, yaani lenzi. Ibn Sahl, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika karibu mwaka 984 kitabu cha vyombo vya kuunguza kwa jua, na humo alionyesha kwa jiometri jinsi lenzi inavyoipinda miale yote mpaka ikutane katika nukta moja.

Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba aliogopa hasira ya mtawala al-Hakim, akajifanya amerukwa na akili, akafungiwa nyumbani kwa miaka. Ni yeye aliyeandika Kitab al-Manazir na kuthibitisha kwa majaribio kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia machoni, na kwamba mwanga huo husafiri kwa mstari ulionyooka.

Msingi huo wa mstari ulionyooka ulisimama kwa karne nyingi, na bado unatosha kwa miwani na darubini nyingi. Lakini katika karne ya 17 padri mmoja wa Italia, Grimaldi, aliona kwamba ukingo wa kivuli si mkali kama wembe. Mwanga kidogo huingia ndani ya kivuli, na pembeni kuna mistari ya mwanga na giza. Jambo hili ndilo alilolipa jina la difraksheni. Newton aliupendelea mwanga uwe chembe zinazorushwa, na heshima yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mpaka mwaka 1815 wakubwa wengi wa Paris walikuwa upande wake. Kule London, Thomas Young alikuwa amekwisha kuonyesha dalili za mawimbi. Lakini Fresnel hakujua Kiingereza.

Tone la asali

Mwaka 1815 Napoleon alitoroka kisiwani Elba na kurudi kutwaa utawala. Fresnel, mgonjwa na dhaifu, alikwenda kujiunga na jeshi la mfalme lililotaka kumzuia. Jeshi lile lilishindwa. Akasimamishwa kazi na kuwekwa chini ya uangalizi wa polisi, kisha akaruhusiwa kwenda kukaa Mathieu kwa mama yake. Njiani alipita Paris na kukutana na mwanafizikia François Arago, ambaye alimpa majina ya vitabu vya kusoma. Vingi hakuvipata, na vingine asingeweza kuvisoma.

Ndugu msomaji, fikiria hali hiyo. Kijana wa miaka 27, hana mshahara, hana maabara, yuko kijijini chini ya macho ya polisi. Alihitaji chanzo cha mwanga kidogo mno, kama nukta. Akatoboa bamba la shaba na kulijaza tundu kwa tone la asali. Tone lile likawa lenzi ndogo, likaukusanya mwanga wa jua mpaka ukawa nukta kali. Kipimo cha kupimia sehemu ndogo za milimita alitengenezewa na fundi wa makufuli wa kijijini. Kwa vifaa hivyo alipima vivuli vya nyuzi nyembamba.

Jaribio lake moja ni rahisi kulieleza. Ndani ya kivuli cha waya mwembamba aliona mistari ya mwanga. Akabandika karatasi nyeusi upande mmoja wa waya ili mwanga wa upande huo usipite. Mistari ya ndani ikatoweka yote, ingawa upande wa pili ulikuwa bado wazi. Kwa hiyo mistari ile haikuwa kazi ya upande mmoja. Ilizaliwa pale mwanga wa pande mbili ulipokutana. Chembe zinazopita kila moja kwa njia yake haziwezi kueleza jambo hilo kwa urahisi, lakini mawimbi yanaweza. Sisi wa ziwani tunaliona kila siku: wimbi la mtumbwi huu likikutana na la mtumbwi ule, kilele juu ya kilele maji huinuka zaidi, na kilele juu ya bonde maji hutulia.

Oktoba 1815 alituma andiko lake la kwanza Akademia ya Sayansi ya Paris. Arago alilisoma na kuona thamani yake. Ilibainika pia kwamba sehemu ya aliyoyagundua, Young alikuwa ametangulia kuyasema. Fresnel alisikitika, lakini hakubishana. Alikiri wazi kwamba Young ndiye wa kwanza katika hayo, kisha akaendelea na kazi ambayo Young hakuifanya, yaani kuipa hesabu kamili.

Swali la Poisson

Mwaka 1817 Akademia ilitangaza shindano la kueleza difraksheni. Katika jopo la waamuzi walikuwamo Laplace, Biot na Poisson, wote watu wa chembe. Gay-Lussac hakuwa na upande mkali. Arago peke yake ndiye aliyemuunga mkono Fresnel. Yaliletwa maandiko mawili tu, moja likiwa la Fresnel.

Wazo lake lilikuwa hili: kila sehemu ya wimbi la mwanga ihesabiwe kama chanzo kipya cha wimbi dogo, kisha vijiwimbi vyote vijumlishwe pale macho yanapotazama, kwa kuzingatia nani amefika akiwa kileleni na nani amefika akiwa bondeni. Poisson, bingwa wa hesabu, aliichukua kanuni hiyo na kuisukuma mpaka mahali ambapo Fresnel mwenyewe hakufika. Akasema, kama hesabu hii ni sahihi, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na doa la mwanga, angavu kana kwamba kisahani hakipo. Kwake hiyo ilikuwa hoja ya kuibomoa nadharia, maana nani amewahi kuona nuru katikati ya kivuli?

Arago hakujibu kwa maneno. Alikibandika kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 2 juu ya kioo kwa nta, akakiweka mbele ya nukta ya mwanga, akatazama kivuli. Doa lilikuwepo. Kumbe watu wawili walikuwa wameshaliona karibu karne moja kabla na kazi yao ikasahauliwa, kwa sababu hapakuwa na nadharia ya kulipokea. Mwaka 1819 tuzo ilikwenda kwa Fresnel.

Kinachonivutia hapa ni adabu ya jopo lile. Walikuwa wengi, wana majina, na hawakukubaliana naye. Lakini doa lilipoonekana walimpa haki yake.

Kuzuia ili kukusanya

Hili doa ndilo mzizi wa jambo lote, nami ndilo lililonishinda darasani. Nitalieleza kama nilivyolielewa mchangani.

Chukua ukuta wa kufikirika mbele ya mwanga, na nukta moja iliyo mita 1 nyuma yake. Mwanga unaotoka katikati ya ukuta hadi nukta ile husafiri mita 1 kamili. Unaotoka pembeni husafiri zaidi kidogo. Chora duara pale ambapo ziada hiyo imefika nusu ya urefu wa wimbi, duara jingine pale ilipofika wimbi zima, na kuendelea. Kwa mwanga wa kijani wenye wimbi la milimita 0.00055, nusu vipenyo vya duara hizo ni milimita 0.74, 1.05, 1.28, 1.48 na kadhalika. Umepata pete, moja nje ya nyingine, zenye maeneo yanayolingana. Ndizo zinazoitwa kanda za Fresnel.

Sasa, mwanga wa kanda ya kwanza ukifika kwenye nukta ukiwa kilele, wa kanda ya pili hufika ukiwa bonde, wa tatu kilele, wa nne bonde. Kila jirani anamfuta jirani yake. Ukuta ukiwa wazi wote, kinachobaki mwishoni ni kama nusu tu ya wimbi ambalo kanda ya kwanza peke yake ingelileta. Lakini ukizipaka wino mweusi kanda ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea, zinazobaki zote zinafika kwa pamoja, kilele juu ya kilele. Ukiwa na kanda 20 na ukaziba 10, pale kwenye nukta mwanga unakuwa mkali mara 400 kuliko kama usingeziba kitu. Umefunika nusu ya mwanga, na mahali ulipoutaka umezidi.

Kisahani cha Arago ni ndugu wa jambo hilo. Kinaziba kanda za katikati zote, na mwanga wa ukingoni, kwa kuwa ukingo ni duara, una umbali ule ule kutoka kila upande mpaka katikati ya kivuli. Unafika pamoja, na doa linawaka.

Fresnel hakuishi kuliona bamba la kanda likitengenezwa. Mwaka 1875 Soret wa Geneva alilichapisha, na kumbukumbu za Lord Rayleigh zinaonyesha kwamba alilijaribu mwaka 1871. Bamba hilo lina udhaifu wake: kila rangi hukusanyika umbali tofauti, na ni kama asilimia 10 tu ya mwanga inayofika kwenye nukta kuu. Hata hivyo pale ambapo lenzi ya kioo haiwezi kazi, hilo linaweza. Eksirei haipindwi na kioo kwa kiasi cha kufaa, kwa hiyo hadubini za eksirei hutumia mabamba ya kanda yenye pete nyembamba mno. Na baadhi ya lenzi ndogo ambazo madaktari huweka ndani ya jicho baada ya kutoa mtoto wa jicho zimechongwa pete za aina hiyo, ili mgonjwa aone mbali na karibu kwa lenzi moja.

Gololi ya mjomba

Kusoma hakukunitosha. Kashikishi nilinunua leza ndogo nyekundu kwa muuza vifaa vya simu. Kutoka kwenye gurudumu la baiskeli ya mjomba nilipata gololi ya chuma. Nikatoboa kopo la maziwa kwa msumari mdogo na kutia tone la asali kwenye tundu, kama Fresnel, ili mwale mwembamba wa leza utawanyike. Gololi nikaibandika kwa gundi kwenye kipande safi cha kioo cha dirisha. Usiku baada ya sala ya isha tukazima taa.

Mara ya kwanza asali ilidondoka. Mara ya pili kioo kilikuwa na vumbi. Mara ya tatu nilikosea urefu wa meza. Mara ya nne kivuli cha gololi kilitua ukutani, cheusi na cha duara, na katikati yake palikuwa na doa jekundu, dogo kuliko punje ya mtama. Nilisogeza gololi kidogo, na doa likafuata, likabaki katikati.

Mjomba alitazama kwa muda. Kisha akaibandua gololi, akaishika mbele ya tochi, akaigeuza pande zote akitafuta tundu. Hakuna. Akaniamuru niirudishe. Doa likarudi. Akaibandua tena. Usiku ule tulilala tumechelewa. (Ukijaribu nyumbani, usitazame ndani ya leza, na usiruhusu mtoto afanye hivyo.)

Taa za mabaharia

Labda ungedhani kwamba baada ya tuzo ile Fresnel angejifungia na hesabu zake. Aliendelea nazo, na mwaka 1821 alieleza kwamba mawimbi ya mwanga hutikisika kwa upande, kama kamba inayotikiswa, jambo lililofumbua fumbo la upolaraizishaji lililomsumbua Nyons. Lakini tangu 1819 alikuwa ameitwa katika tume ya serikali ya minara ya taa, na huko ndiko alikotumia nguvu zake za mwisho.

Minara ya wakati ule ilitumia vioo vya kurudisha mwanga, na mwanga mwingi ulipotea njiani. Lenzi kubwa ya kawaida ingekuwa nzito mno na nene mno. Fresnel aliona kwamba kazi ya kupinda mwanga hufanywa na mteremko wa uso wa lenzi, na unene wa ndani ni mzigo tu. Akaukata unene, akabakiza miteremko kwa pete za ngazi ngazi. Tarehe 25 Julai 1823 lenzi yake ilianza kuwaka katika mnara wa Cordouan, mdomoni mwa mto Gironde, na mwanga wake ukaonekana zaidi ya kilomita 30 baharini. Wengine walikuwa wamelifikiria wazo kama hilo kabla yake, naye alipoambiwa alilikubali. Yeye ndiye aliyelifanya liwake.

Tusichanganye mambo mawili yenye jina lake. Lenzi ya mnara hupinda mwanga kwa kioo, na ndugu yake mdogo umo ndani ya projekta ya zamani ya darasani. Kanda za Fresnel hukusanya mwanga kwa difraksheni. Zote ni pete, na zote ni zake, ila kanuni ni tofauti.

Niliposoma sehemu ya minara nilimkumbuka mke wa mjomba. Usiku mmoja wa Julai upepo ulibadilika ziwani, na mitumbwi iliyokwenda chisense ikachelewa. Mimi nilikuwa nimebaki nchi kavu kwa homa. Yeye alisimama ufukweni na tochi mkononi, akiielekeza gizani, akiizungusha taratibu, tangu saa nane ya usiku mpaka karibu na alfajiri. Betri zilipodhoofika alitumia simu. Mjomba alirudi salama, Alhamdulillah, na alisema kwamba taa za nyumba zilikuwa nyingi na hazikumsaidia, lakini ile iliyokuwa ikizunguka aliijua ni ya nani. Mnara wa Cordouan nao ulizungusha mwanga wake, ili baharia aujue usichanganyike na taa nyingine. Sikuwahi tena kuiona elimu ya mwanga kuwa jambo la anasa.

Mwisho wake

Mwaka 1823 Akademia ilimchagua Fresnel kuwa mwanachama kwa kura za wote. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimeshamshika. Tangu 1824 alilazimika kuacha kazi moja baada ya nyingine, akabakiza zile za minara. Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunukia medali ya Rumford, na Arago ndiye aliyempelekea, siku chache kabla ya mwisho. Alifariki Ville-d'Avray, karibu na Paris, tarehe 14 Julai 1827. Mama yake, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa maabara ya kwanza, alikuwa pamoja naye.

Mdogo wake Léonor aliendeleza kazi ya minara. Mdogo mwingine, Fulgence, alifuata njia ambayo itakushangaza: alisoma Kiarabu Cairo, akawa mwakilishi wa Ufaransa mjini Jeddah, mlango wa mahujaji, akaandika juu ya historia ya Waarabu wa kabla ya Uislamu, na akafariki Baghdad mwaka 1855, katika mji ule ule ambako Ibn Sahl aliandika juu ya lenzi.

Nimeandika haya kwa ajili ya ndugu zangu ambao majina yao hayamo kwenye orodha muhula huu. Sitakudanganya kwamba kurudishwa nyumbani ni neema. Kunauma, na ada hailipwi kwa hadithi. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: miezi ile ya Mathieu haikupotea, kwa sababu mwenyewe hakuiacha ipotee. Alikuwa na asali, fundi wa makufuli na swali. Nawe begi lako lina fotokopi.

Mimi nilirudi chuoni mwaka uliofuata. Ada ya muhula ule ililipwa kwa magunia ya chisense ya mjomba, ambaye hakunieleza kwa nini alibadili mawazo, nami sikumuuliza. Somo la mwanga nimelifaulu. Gololi hakunirudishia. Iko katika kopo lake la misumari, na kila mgeni anayefika huonyeshwa kwanza kwamba haina tundu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.